Dakika Moja na Nusu kwa Swali: Wepesi wa Kufikiri Hufundishika

Jioni, maduka ya Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Kongo yanapoanza kufungwa, si wafanyakazi wote wa Kariakoo wanaokwenda nyumbani kupumzika. Wako makarani, wahasibu, walimu, wauguzi na mafundi ambao kazi ya mchana ikiisha huanza kazi ya pili, nayo ni ya kitabu. Watu hawa wana shahada ya kwanza, wana ajira, na wengi wao wana watoto. Sasa wanatafuta nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, aghalabu katika vyuo vya nchi za nje, na njiani wamekuta mtihani wa namna wasiyoizoea. Mtihani huo hauwaulizi waliyoyasoma chuoni. Unapima jinsi wanavyoyachambua maneno na hoja, huku saa ikihesabu mbele ya macho yao.

Kilio cha watahiniwa hawa ni kimoja: lau wangalipewa muda wa kutosha, wangalijibu maswali yote. Wengi wakipata alama ndogo katika jaribio la kwanza hukata shauri kwamba wao si watu wa akili nyepesi, na kwamba wepesi wa akili ni mali ya kuzaliwa nayo. Basi kitabu hufungwa na safari huishia hapo. Fikra hiyo ni ya makosa, na gharama yake ni kubwa kwa mtu, kwa jamaa zake na kwa taifa linalohitaji wataalamu. Katika makala hii tutaonyesha kwamba wepesi wa kujibu maswali ya maneno hufundishika. Tena haupatikani kwa kukimbiza macho juu ya karatasi. Hupatikana kwa kujua unachoulizwa, kwa kuwa na akiba ya maneno, na kwa kujizoeza kuamua.

WATU WAZIMA NA DARASA

Jiji hili halikuanza jana kuwaona watu wazima wakishika kalamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza Oktoba 1961, kikiwa Chuo Kikuu Kishiriki, katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba, kando tu ya Kariakoo, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba vijana wanaomaliza sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye na mwishowe ukaachwa, lakini uliacha nyuma yake mazoea ya kuona kuwa mfanyakazi mwenye umri wake anaweza kukaa darasani bila ya haya. Chuo hicho kadhalika kimekuwa na mtihani maalumu kwa watu wazima wanaotaka kuingia bila ya kupitia njia ya kawaida.

Mambo yaliyogeuka ni mizani. Zamani mtu mzima aliulizwa zaidi: unajua nini? Leo, akitaka kusoma uzamili ng'ambo, anaulizwa pia: unafikiri vipi, na kwa muda gani?

MTIHANI WENYEWE

Mitihani ya namna hii ni mingi, lakini miwili ndiyo inayotajwa sana hapa mjini. Wa kwanza ni GRE, unaotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, na baadhi ya vyuo vya nchi nyingine, kwa masomo ya aina mbalimbali. Wa pili ni GMAT, wa wale wanaotaka kusomea uongozi wa biashara. Yote miwili hufanywa kwa Kiingereza na kwa kompyuta, na yote miwili ina sehemu ya hesabu na sehemu ya kufikiri kwa maneno. Sisi leo tunashughulika na maneno tu.

Katika GRE ya sasa, iliyofupishwa Septemba 2023, sehemu ya maneno ina mafungu mawili: maswali 12 kwa dakika 18, kisha maswali 15 kwa dakika 23. Ukigawanya dakika hizo 41 kwa maswali 27 utapata dakika moja na nusu kwa swali. Wapo waliodhani kwamba mtihani ulipofupishwa ndipo mambo yalipokuwa ya haraka zaidi. Sivyo. Kabla ya hapo kila fungu lilikuwa na maswali 20 kwa dakika 30, yaani dakika moja na nusu ile ile. Katika GMAT maswali ya maneno ni 23 kwa dakika 45, karibu dakika mbili kwa kila moja.

Maswali ya GRE ni ya namna tatu. Kuna sentensi zenye nafasi tupu za kujazwa. Kuna sentensi yenye nafasi moja na maneno sita, ambapo mtahiniwa hutakiwa kuchagua maneno mawili yatakayoipa sentensi maana moja. Na kuna vifungu vya habari vya kusomwa na kufahamiwa. GMAT ina ufahamu wa vifungu, na uchambuzi wa hoja.

Kabla ya kulipa ada, msomaji auliza kwanza katika chuo anachokitaka kama mtihani huo unahitajika. Tangu mwaka 2020 vyuo vingi vimeacha kuudai kwa baadhi ya masomo. Ada ya GRE inazidi dola 200 za Kimarekani, nayo kwa mpangaji wa Kariakoo au Ilala ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Fedha kama hiyo haitolewi kwa kubahatisha.

FUNZO LA BAGAMOYO

Wanaodai kuwa wepesi wa akili haufundishiki wangefaa kutazama jambo lililofanyika karibu nasi, huko Bagamoyo. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Robert Sternberg, akishirikiana na Elena Grigorenko na wataalamu wengine wakiwamo Watanzania, waliwapima watoto wa shule 358 wenye umri wa kati ya miaka 11 na 13. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002. Watoto walipewa kazi za kufikiri: kupanga vitu katika makundi, kutatua mafumbo ya namna ya "huyu ni mrefu kuliko yule, na yule ni mrefu kuliko huyo, je, nani mrefu kuliko wote?", na kugundua jambo lililofichwa kwa kuuliza maswali yasiyozidi ishirini.

Baada ya kupimwa mara ya kwanza, watoto walifundishwa kwa muda mfupi njia za kuyashughulikia mafumbo hayo. Mafundisho yote hayakufika saa moja. Walipopimwa tena alama zao zilipanda kwa kiasi cha kuonekana dhahiri. Lililo kubwa zaidi ni hili: alama za mara ya kwanza hazikuweza kutabiri vizuri alama za mara ya pili. Mtoto aliyeanza chini hakuwa lazima abaki chini. Kipimo cha kwanza kilikuwa kimepima zaidi ugeni wa mtoto mbele ya kazi ile kuliko uwezo wake.

Hapa msomaji aliyekwisha kuanza mazoezi atanyosha mkono na kusema: lakini hao ni watoto, na mafumbo yao si yale ya shahada ya uzamili. Ni kweli, na swali hilo ni zuri, kwa kuwa ndilo hasa linaloulizwa katika mtihani: je, ushahidi uliotolewa unatosha kubeba hukumu iliyotolewa? Hatusemi kwamba saa moja itamtosha mtu mzima. Tunasema kwamba alama ya kwanza si hukumu ya mwisho, na kwamba ugeni ni mzigo unaoweza kutuliwa.

HARAKA SI WEPESI

Wahenga walituambia kwamba haraka haraka haina baraka, na katika mtihani huu hawakukosea. Mwenye haraka husoma swali nusu, akarukia jibu la kwanza linalofanana na ukweli, kisha akarudi kusoma tena kwa mashaka. Mwishoni amesoma mara tatu kile ambacho mwenzake amesoma mara moja. Mwepesi ni mtu mwingine. Tazama mzee aliyezoea bao barazani. Mgeni huhesabu kete moja moja kwa kidole. Mzee hutupa jicho tu, akateka. Mkono wake hauna kasi kuliko wa kijana. Ila sura ile ya kete amekwisha kuiona mara nyingi, naye hahitaji kuanza kufikiri upya. Wepesi wa mtihani ni wa namna hiyo hiyo: ni kuitambua sura ya swali.

Kwa ajili hiyo msomaji ajihadhari na wauzaji wa miujiza. Mwaka 1959 mwalimu mmoja wa Marekani, Evelyn Wood, alianzisha mafunzo ya kusoma kwa kasi yaliyokuja kuwa mashuhuri, na hata leo wapo wanaoahidi kwamba mtu atasoma maelfu ya maneno kwa dakika bila ya kupoteza maana. Mapitio marefu ya uchunguzi juu ya usomaji, yaliyochapishwa mwaka 2016 kwa majina ya Keith Rayner na wenzake wanne, yaliona kwamba ahadi hiyo haielekei kutimia: kasi ikizidishwa mno, ufahamu hupungua. Njia waliyoiona kuwa ya kweli ni ya kawaida kabisa, nayo ni kusoma sana na kuijua lugha kwa undani. Mtu akilijua neno vizuri, jicho halikwami juu yake.

Jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengine. Mtanzania aliyesoma katika shule za umma amefundishwa elimu ya msingi kwa Kiswahili, akavuka kwenda Kiingereza alipofika sekondari. Akikutana na kifungu kigumu cha Kiingereza, wengi kati yetu huvusha kila sentensi kwenda Kiswahili, wakaifikiri, kisha wakairudisha. Ni kama kuvuka Magogoni kwa pantoni kwenda na kurudi kwa kila sentensi: utafika, lakini muda utakuwa umekwisha. Dawa yake ni kuzoea kusoma Kiingereza kila siku mpaka sentensi za kawaida zisihitaji tena kuvushwa. Lakini hoja yenyewe haina kabila. Mtu anayejua kutofautisha "wote" na "baadhi", "huenda" na "lazima", "baada ya" na "kwa sababu ya", ameshashika nusu ya elimu hii, hata kama ameipata kwa Kiswahili barazani.

SURA TATU ZA MASWALI

Tuchukue mifano kwa lugha yetu, ili kazi ya hoja ionekane bila ya pazia la lugha ngeni.

Wa kwanza ni wa kujaza nafasi. "Ingawa mwenye duka alijulikana mtaa mzima kwa .......... wake, siku ya msiba wa jirani alitoa fedha nyingi kuliko wote." Maneno ya kuchagua ni ukarimu, ubahili, uhodari, upole na ucheshi. Asiyejizoeza hulijaribu kila neno katika nafasi ile, moja baada ya jingine, na muda unakwenda. Aliyejizoeza huyafunika majibu kwanza. Huona neno "ingawa", akajua kwamba nusu mbili za sentensi zinapingana. Nusu ya pili inasema alitoa sana. Basi ya kwanza haina budi kusema kwamba alijulikana kwa kutotoa. Huweka neno lake mwenyewe, tuseme "uchoyo", kisha hufunua majibu na kutafuta ndugu yake. Ubahili umepatikana kwa sekunde ishirini. Siri iko katika maneno madogo ya kuunganisha: ingawa, lakini, kwa hiyo, licha ya, hata hivyo. Hayo ndiyo alama za barabarani.

Wa pili ni wa hoja. "Mwaka jana mtaa huu ulikuwa na maduka 10 ya vitenge. Mwaka huu yako 20. Kwa hiyo watu wa jiji wananunua vitenge vingi zaidi mwaka huu." Swali: jambo gani, kama ni la kweli, litaidhoofisha hoja hii? Mwenye haraka huanza kufikiri juu ya bei za vitenge, ubora wake na mitindo. Mwepesi hufanya mambo matatu kwa utaratibu. Kwanza hutafuta hukumu, nayo imejitaja kwa "kwa hiyo": watu wananunua zaidi. Pili hutafuta ushahidi: maduka yameongezeka katika mtaa huu. Tatu hutafuta ufa kati ya viwili hivyo: mtaa mmoja si jiji, na idadi ya maduka si idadi ya vitenge vilivyouzwa. Sasa ajue anachokitafuta, kabla hajasoma jibu hata moja. Akikuta jibu lisemalo kwamba maduka 10 mapya yamehamia hapo kutoka mtaa wa pili, atalichukua na kuendelea na safari.

Wa tatu ni wa kifungu cha habari. Hapa ndipo muda unapomwagika kama maji. Watahiniwa wengi husoma kifungu kana kwamba watatakiwa kukikariri. Hakuna haja hiyo, kwani kifungu kinabaki mbele yako. Usomaji wa kwanza na uwe wa kutafuta umbo lake: mwandishi anadai nini, nani anayempinga, "lakini" iko wapi, amemalizia kwa kukubali, kukataa au kushuku. Majina, tarehe na mifano yaachwe mahali pake mpaka swali litakapoyaita. Jibu sahihi hulingana na kilichoandikwa, si na kile unachokijua wewe kutoka kazini au magazetini. Jibu lenye maneno makali kama "kamwe", "pekee" au "kila" litazamwe kwa jicho la pili. Si lazima liwe na makosa, lakini hudai ushahidi mkubwa zaidi.

MWIZI WA DAKIKA

Ukiwa na saa mkononi utagundua kwamba dakika haziibwi na usomaji. Huibwa na kusitasita. Mtahiniwa amekwisha kuyaondoa majibu matatu, amebakiwa na mawili, naye anayatazama moja, akatazama la pili, akarudi la kwanza. Hapo hupotea dakika nzima bila ya wazo jipya kuingia. Kanuni ni hii: usilinganishe majibu hayo mawili kwa jumla jumla. Tafuta katika kila moja neno moja tu ambalo kifungu hakikulisema. Lenye neno kama hilo liondoke. Kama bado hayatengani, chagua moja, tia alama na usonge mbele.

Kusonga mbele si uzembe. Katika kila fungu la GRE maswali yana uzito ulio sawa. Swali gumu lililokula dakika nne linalipa sawa na jepesi la sekunde arobaini. Jibu lililokosewa halipunguzi alama, basi lisiachwe swali hata moja bila ya jibu. Na mtahiniwa anaruhusiwa kuruka swali na kulirudia maadamu fungu lile halijafungwa. Kwa hiyo na apite kwanza akichuma maembe yaliyo chini, kisha arudi kwa yale ya juu kwa muda uliobaki. Katika GMAT uhuru huo ni mdogo zaidi: maswali hujibiwa kwa mfuatano, na mwishoni mwa sehemu mtu anaweza kubadili majibu yasiyozidi matatu. Huko, kujua kuachana na swali ni jambo la lazima zaidi.

Njia nyepesi ya kuilinda saa ni kuweka vituo. Katika fungu la maswali 12, dakika ya tisa ikukute umemaliza sita. Katika lile la maswali 15, dakika ya kumi na mbili ikukute umefika la nane. Usitazame saa baada ya kila swali, kwani kutazama saa nako kunakula muda na kunatia hofu. Vituo hivyo vinatosha.

RATIBA YA MTU MWENYE KAZI

Mfanyakazi hana siku nzima ya kusoma. Ana saa moja akijitahidi, na Jumapili labda ana mbili. Muda huo ukipangwa vizuri kwa miezi mitatu unatosha kuleta mabadiliko ya kweli.

Mwezi wa kwanza saa iwekwe kabatini. Jibu maswali machache kila jioni, polepole, mpaka uweze kueleza kwa mdomo kwa nini jibu sahihi ni sahihi na kwa nini kila moja ya yaliyobaki si sahihi. Kukimbia kabla ya kujua kutembea ni kuzoea makosa tu. Katika mwezi huu ndipo linapofunguliwa daftari la makosa. Liwe na safu tatu: swali lilikuwa la namna gani; nilikosa kwa nini; nitafanya nini nikilikuta tena. Baada ya wiki chache daftari litasema lenyewe. Mmoja ataona kwamba ugonjwa wake ni maneno; mwingine kwamba husoma swali nusu; mwingine kwamba husitasita. Kila ugonjwa una dawa yake, na asiyejua augualo atakunywa dawa zote bure.

Mwezi wa pili saa itoke kabatini, lakini kwa mafungu madogo: maswali sita kwa dakika tisa. Mwezi wa tatu fanya mitihani mizima, ukiwa umekaa mezani, simu imezimwa, bila ya kusimama. Watahini wa GRE wenyewe hutoa mitihani miwili ya mazoezi bila malipo katika intaneti. Mmoja utumike mwanzoni ili kujua ulipo, na wa pili uhifadhiwe mpaka karibu na siku yenyewe.

Maneno yakusanywe kila siku, kumi yakitosha. Neno lisiandikwe peke yake na tafsiri yake, kwa kuwa neno pweke husahaulika. Liandikwe ndani ya sentensi uliyoitunga wewe juu ya jambo unalolijua: soko, ofisi, mwenye nyumba, foleni ya gari. Ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Gerezani mara nyingi mtu husimama, na kitabu hakifunguki. Daftari dogo la mfukoni hufunguka. Naye asiyekuwa na utulivu nyumbani akumbuke Maktaba Kuu ya Taifa katika Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Ni mwendo mfupi wa miguu kutoka Kariakoo.

Ikiwa siku ya mtihani mambo hayakwenda vizuri, dunia haijaisha. GRE inaweza kurudiwa baada ya siku 21, na matokeo yake hudumu kwa miaka mitano. Lakini kila kurudia ni ada nyingine; basi bora maandalizi marefu na ada moja, kuliko haraka na ada tatu.

NYUMBA NAYO IFANYE MTIHANI

Hakuna mtu mwenye jamaa anayefanya mtihani huu peke yake. Saa moja ya jioni anayoipata mmoja imetolewa na mwingine. Katika nyumba nyingi za mjini baba akisema anasoma, nyumba hunyamaza. Mama akisema anasoma, huulizwa chakula kiko wapi. Mwanamke anayefanya kazi ofisini mchana, akapika jioni, akaogesha watoto, kisha akafungua kitabu saa nne za usiku, hashindani na saa ya mtihani tu. Anashindana na usingizi. Mume anayetaka mkewe afaulu ampe saa ile mapema, akili ingali hai, yeye akiwa jikoni au akisimamia kazi za watoto za shule. Msaada huo wapita zawadi ya vitabu.

Watoto nao wanaweza kushiriki. Kijana wa darasa la sita anaweza kushika saa na kutangaza dakika tisa zimekwisha. Anaweza kumsikiliza mzazi akieleza kwa nini jibu la pili ni sahihi, na kumuuliza maswali. Mzazi akishindwa kumweleza mtoto kwa maneno mepesi, ni dalili kwamba hajaelewa mwenyewe. Na mtoto atakayekua akiwaona wazazi wake wakitafuta ufa katika hoja kwa utulivu, bila ya kugombana, atakuwa amepata elimu ambayo hailipiwi ada.

Tusisahau, mwisho wa yote, kwamba mtihani huu hauna mizani ya utu. Haupimi subira ya muuguzi wala uaminifu wa mhasibu, na wapo watu wenye busara kubwa wanaofikiri polepole. Lakini ni mlango, na mlango hufunguliwa na mwenye ufunguo. Ufunguo wake unachongwa kidogo kidogo, jioni baada ya jioni. Aliyepata alama ndogo katika jaribio la kwanza asijiulize kama ana akili. Na afungue daftari lake, aandike lile kosa la kwanza, na mbele yake aandike sababu yake.